Kapu Nililolifungua Mara Tatu

Umeme ulikatika saa tano asubuhi, na kuku wangu alikuwa bado mgumu kama soli ya kiatu. Dada yangu aliyeko Bujumbura alikuwa amenipa zawadi ya sufuria ya umeme inayopika polepole: asubuhi unaweka nyama, jioni unakuta supu. Mimi ni mtu wa kusoma maelekezo mara tatu kabla ya kugusa kitufe, na hayo nilikuwa nimeyasoma mara nne. Hakuna mahali palipoandikwa ufanye nini umeme wa Muyinga ukikuacha njiani. Nikasimama pale nikiwaza nyama itakayoharibika na wageni niliowaalika. Halafu nikajikuta nimeshawasha mkaa, nimeihamishia supu kwenye sufuria ya kawaida, nimeichemsha ikachemka kwelikweli, na sasa naifunga kwa blanketi langu la kitandani kama mtoto mchanga.

Mpangaji mwenzangu alichungulia akaniuliza kama kuku amepata baridi. Nikamjibu ndiyo, amepata, na tafadhali asimsumbue.

Zamani ningesema natania. Ningelitoa lile blanketi mbele yake, kisha ningelirudisha akishaondoka. Siku hizi sifichi, na nataka nikueleze kwa nini. Nitakueleza pamoja na sehemu ambayo mimi mwenyewe naonekana vibaya, maana hakuna namna ya kuiruka.

Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, na nilikuwa na miaka kumi tuliporudi Burundi. Watu wakisikia kambi wanategemea nisimulie njaa. Ilikuwepo, lakini mimi nakumbuka kuni. Kila kitu kilianza na kuishia kwenye kuni. Wanawake waliokwenda kuziokota porini hawakurudi wote salama, na ndipo akina bibi walipojifunza kupika kwa moto mdogo. Unachukua kapu kubwa, unalijaza majani makavu ya migomba na vipande vya blanketi kuukuu, katikati unaacha shimo la ukubwa wa sufuria. Chakula unakichemsha kidogo tu motoni, kisha unakizika kwenye lile shimo kikiwa bado kinatokota, unafunika kwa mto wa majani na matambara, unafunga kamba. Ukirudi baada ya saa tano au sita, kimeiva chenyewe. Hata kuku wa kienyeji, jogoo mzee wa kukata tamaa, alitoka mle akiwa laini.

Bibi alikuwa na sheria moja tu: likifungwa, halifunguliwi. “Ukichungulia, joto linatoka kukusalimia,” alikuwa akisema, “na likishatoka halirudi ndani.”

Tuliporudi tulipita Muyinga, tukakaa wiki kadhaa kwa mama mdogo. Mama yangu alibaki naye akiuza ndizi. Bibi akanichukua mimi kwenda naye Gitega, kwenye kilima chetu cha Nyarusange, ndivyo tunavyoita kijiji, kudai shamba. Siku moja kabla ya safari tuliingia kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka India. Duka zima lilinukia sabuni, vitenge vipya na karafuu. Bibi alitaka makaroni nusu kilo. Kambini alikuwa akiyatia kwenye supu ya kuku dakika za mwisho, ili kuku mmoja atoshe watu kumi.

“Bibi, usiyapike sana,” mwenye duka alimwonya akifunga karatasi. “Yatakuwa uji.”

“Mwanangu, nimepika ndani ya kapu miaka kumi na miwili,” bibi alijibu. “Wewe uza tu.”

Ndivyo alivyokuwa. Naona hadi leo alivyoibana ile karatasi kwapani na kutoka mlangoni kidevu juu, mwanamke aliyekuwa na kanga mbili, kapu moja na mjukuu mwenye kuogopa kila kitu.

Nyarusange kulikuwa na mtu kwenye shamba letu. Nitamwita mama jirani, kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Hakuwa mwizi. Naye alikuwa amekimbia kwao wakati wa vita, akaonyeshwa ardhi isiyo na mtu, akaambiwa alime. Akajenga nyumba ya mabati, akapanda mihogo na maharagwe, akaozesha mtoto. Kisha siku moja akatokea kikongwe na kapu kichwani akisema, hapa ni kwangu. Wazee wa kilima walisema tusubiri mavuno, ndipo wakae na kuamua. Tukajengewa kibanda cha turubai upande wa juu. Kila asubuhi wanawake hao wawili waliamkiana kwa adabu, kila mmoja na jembe lake, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Mimi shuleni nilirudishwa madarasa mawili nyuma kwa sababu sikujua Kifaransa. Watoto waliniita Mtanzania. Nikajiwekea nadhiri kwamba sitakosea tena kitu chochote, kamwe. Niliandika kazi ya shule mara tatu ili pasiwe na sehemu iliyofutwa. Nilikunja blanketi pembe kwa pembe. Nilidhani nikiwa safi kabisa, bila doa, watatuacha tukae.

Kabla ya mavuno, binti wa mama jirani alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa amerudi kwa mama yake, kwani mumewe alikuwa safarini. Kwetu mwanamke akijifungua majirani wote huenda kumpongeza na kumlisha, ndiyo guhemba. Bibi akasema na sisi tutakwenda, tutampikia supu ya kuku na makaroni.

“Bibi, hao wamekaa kwenye shamba letu,” nilisema.

“Shamba litajadiliwa. Mzazi ana njaa leo.”

Lazima uelewe hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Watu wenye ugomvi hawakulishana. Kila mtu aliogopa sumu, awe anaamini au haamini. Kama wangeipokea supu ya bibi, tungekuwa majirani, na shamba lingejadiliwa kijirani. Kama wangeikataa, kilima kizima kingejua kwamba mkono wetu hauliwi, na hakuna ambaye angekula tena kutoka kwetu. Bibi alilijua hilo. Alimchinja kuku wetu pekee.

Alfajiri alimchemsha kwa tangawizi, vitunguu na nyanya za mviringo alizochuma mwenyewe, akamzika kwenye kapu, akafunga kamba. Akaniambia nilinde, naye akaenda kanisani, na kutoka huko akapitia mtoni.

Sasa hapa ndipo ninapoonekana vibaya.

Nililifungua. Mara ya kwanza hata jua lilikuwa halijapanda vizuri. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba sufuria haijapinduka. Haikuwa imepinduka. Mara ya pili nilidhani sikurudisha mto vizuri. Mara ya tatu nilifunua kifuniko chenyewe, nikachoma nyama kwa kijiti, kwa sababu sikuweza kuamini kitu kinachoiva bila kukiona. Mvuke ulinipiga usoni, mtamu, wenye harufu ya tangawizi na blanketi lililolowa. Kila mara nilirudisha majani moja moja kama yalivyokuwa. Fundo la kamba nililifunga upya mpaka likafanana na la bibi. Unaona? Hata kosa nililifanya kwa usafi mkubwa.

Saa sita mchana tulifika uani kwa mama jirani. Wanawake saba au nane walikuwa wamekaa kwenye mikeka, mzazi katikati na mtoto wake kifuani. Mama jirani aliwahi kuishi Bujumbura, kwa hiyo kwetu alizungumza Kiswahili cha kule.

“Mama, mi naona kapu. Moto iko wapi?”

“Iko ndani,” bibi alisema, wengine wakacheka kidogo, kwa mashaka.

Akafungua. Akapakua supu na kipande cha paja kwenye bakuli. Desturi ni kwamba anayeleta ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane kwamba hakuna kitu. Bibi akaonja. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Nikaona taya lake linasimama.

Angeweza kumeza na kutabasamu. Mzazi angekula nyama mbichi, labda asiugue, na sisi tungekuwa tumepokelewa. Bibi alitoa kile kipande mdomoni, akakishika kwenye vidole ambapo kila mtu angekiona.

“Haijaiva,” alisema.

Nzi tu, na mtoto akinyonya. Kisha mama jirani, taratibu: “Mama, we unaletea mzazi kuku mbichi, na maneno yetu iko bado kwa wazee?”

“Ningekuwa na nia mbaya ningekuambia imeiva,” bibi alisema. “Nipe moto. Nitaimalizia hapahapa, wote mkiniangalia.”

Hakuna aliyesogea. Mmoja alianza kukusanya kanga yake ili aondoke. Nilijua kwamba wakiondoka hivyo tumekwisha, na nilijua ni nani aliyetumaliza. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kama ya mbuzi, “Ni mimi. Bibi aliniambia nisifungue. Nimefungua mara tatu.”

Wote waliniangalia. Kikongwe mmoja, mama mkwe wa mama jirani, asiye na jino hata moja, akainama mbele.

“Mara tatu? Ulidhani kuku atatoroka?”

“Alikuwa anahesabu miguu,” mwingine akasema. “Huko Tanzania labda huibwa mmoja mmoja.”

“Maskini, na kijiti amemchoma! Angalieni, amemdunga sindano!”

Wakacheka. Walicheka mpaka mzazi akashika tumbo akawaomba waache kwa sababu linamuuma. Mimi nililia, makamasi yakanitoka mbele ya watu wote, mimi niliyekuwa nikikunja blanketi pembe kwa pembe. Na wakati nikilia niliona mama jirani anasimama, anachukua sufuria yetu kwa mikono yake mwenyewe, anaiweka kwenye mafiga yake, anapiga magoti na kupuliza.

Ilichukua alasiri nzima. Bibi alikaa upande mmoja wa moto na mama jirani upande wa pili, maana hakukuwa na namna nyingine ya kukaa. Mwanzoni walizungumzia kuni tu. Baadaye nilisikia mama jirani akisema alikokimbia yeye, na bibi akisema tulikokimbia sisi. Wote wawili walikuwa wamekimbia usiku uliokuwa na mvua. Hawakusema zaidi. Makaroni yalipoingia, mama jirani alishika mwiko akaanza kukoroga kwa nguvu.

“Taratibu, mdogo wangu,” bibi alimwambia. “Yatakuwa uji.”

Bibi alionja tena, akampa mwiko mama jirani, naye akaonja. Mzazi alikula mabakuli mawili. Kikongwe alikunywa mchuzi na kuyaponda makaroni kwa fizi, akisema haya ndiyo mambo ya mtu wa umri wake. Wengine wakalamba vidole. Mkono wetu uliliwa.

Njiani kurudi nilingoja kuchapwa. Bibi alitembea mbele mpaka tulipofika kwenye kibanda. Ndipo aliposema, “Kwa hiyo joto lilikusalimia mara tatu. Angalau mmefahamiana.” Akaingia ndani kulala.

Usinitake niseme kwamba supu ilirudisha shamba. Nimeshasikia watu wakisimulia amani namna hiyo, kama vile ni sukari, na siwezi. Baada ya mavuno wazee waligawa ardhi nusu kwa nusu. Mama jirani alibaki na upande wa chini, wenye maji na kahawa. Yeye na bibi waliendelea kugawana chumvi na makaa ya moto, na siku bibi alipougua, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati. Lakini siku ile ya uamuzi, wazee walipomuuliza bibi kama ameridhika, alisimama mbele yao, mfupi kuliko jembe lake, akasema: “Nusu mliyonipa nitailima. Nusu mliyoninyima nitaiangalia kila asubuhi.” Mama jirani alikuwepo. Aliinamisha kichwa, na kesho yake akaja kuomba chumvi kama kawaida.

Na bibi aliiangalia kweli. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alisimama kwenye ukingo wa juu, mikono nyuma, kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anakataa tu kusahau, na kukataa huko hakukumzuia kumpenda mtu aliyekuwa akilima pale. Nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba vyote viwili vinakaa ndani ya mwili mmoja, tena mdogo.

Amefariki. Kikongwe asiye na meno alimtangulia. Mama jirani alihamia Gitega mjini, kwenye mtaa wa Musinzira, kwa binti yake. Mwezi uliopita nilipanda Nyarusange peke yangu. Kibanda hakipo, hata shimo la nguzo sikuliona. Wanawake wanapokwenda guhemba sasa wanabeba kreti za soda zenye vifuniko. Hakuna anayeonja, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Mwenye shamba la chini wa sasa amepanda mikaratusi, imekuwa mirefu na minene, na kutoka ukingoni huwezi tena kuona kahawa wala maji.

Nilisimama palepale, mikono nyuma. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama akaniuliza, “Dada, unatafuta nini? Huko iko miti tu.”

“Najua,” nilimwambia, nikaendelea kuangalia.