Kishikwambi Juu ya Mafiga

Enzi zetu, na msicheke, maana hata mwanafunzi wa kidato cha tatu ana enzi zake, mtoto wa Rungwe aliujua ukungu kabla ya kuijua herufi. Tuliteremka vilima tukiwa tumekalia maganda ya mgomba, matope hadi masikioni, kisha tukaingia darasani tunanuka moshi na parachichi. Tuliosoma pamoja mnakumbuka. Madogo wa leo wakidondokewa na tone moja wanapiga simu wafuatwe.

Tulikuwa darasa la tatu walipokuja watafiti kutoka chuo kikuu, dada mmoja mpole mwenye miwani na kijana wa kubeba masanduku. Walitaka kuona watoto wanajifunzaje kwa kompyuta. Wakatugawia vishikwambi, jina tulilodhani ni ugonjwa wa ng'ombe. Kila mtoto na chake, wakaagiza. Muda si muda tulikuwa kundi zima juu ya kimoja, tunasukumana na kuzomeana, vingine vimelala kwenye madawati. Yule dada akatutazama, akaandika, akatutazama tena. Kesho yake akaacha kimoja kwa kila kundi, vilivyobaki vikapelekwa shule nyingine.

Aliyeomba abaki na chake peke yake, akakubaliwa, ni Atupele, mtoto wa baba mdogo. Kwao walizungumza Kinyakyusa tupu, na kila alipofungua mdomo kwa Kiswahili darasa liliangua kicheko, hata akaacha kusoma kwa sauti. Baba mdogo alikuwa ameshatamka: siku ya kufunga shule asiposoma mbele ya wazazi, atabaki nyumbani kumbeba mdogo wake.

Kishikwambi hakikucheka. Akikosea kilirudia neno taratibu; akipatia, ng'ombe wa kwenye kioo alicheza ngoma. Siku moja nilipita dirishani nikamsikia anasoma sentensi nzima, kwa sauti, peke yake. Ng'ombe alicheza mpaka nikamwonea huruma.

Ijumaa moja watafiti wakamruhusu aende nacho nyumbani. Mvua ya kwetu mnaijua, haipigi hodi. Alikifunga kwa jani la mgomba, akakikumbatia njia nzima, na bado kikalowa. Bibi yetu, ambaye kina Atupele waliishi kwake, akakipokea, akakifuta kwa kanga, akakipandisha juu ya mafiga, kwenye dari la fito ambako mahindi ya mbegu hukaushwa kwa moshi. Katika nyumba ya bibi hapakuwa na mahali pa heshima kuliko pale. Hata Biblia ilikaa chini yake.

"Hapa mbegu yetu haijawahi kuoza, mjukuu wangu," alimwambia. "Kalale."

Jumatatu kilikuwa kimevimba kama andazi. Yule dada hakufoka. Alisema si kosa la mtu, hakitengenezeki tena, kibaki tu kwetu. Atupele akahamishiwa kwenye kundi letu, ambalo kwa watafiti lilikuwa uhondo, maana eti tulifundishana kwa kutaniana. Akasoma neno la kwanza, tukacheka kama kawaida yetu. La pili hakulisoma.

Watafiti walimaliza kazi yao, tukawaimbia wimbo wa kuwaaga. Siku ya kufunga shule Atupele alisimama mbele ya wazazi na kitabu mkononi, mvua inapiga bati, wote tunasubiri. Baba mdogo alingoja, kisha akanyanyuka, akamshika mkono.

"Kama mashine imemshindwa," alimwambia mwalimu, "wewe utamweza?"

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Sasa Atupele anachuma chai. Ana simu, na ujumbe ukiingia hunisubiri nitoke shule nimsomee. Mimi niliyezoea kumtania kila mtu, pale husoma kama ulivyoandikwa, narudisha simu.

Madogo wa siku hizi wanapewa simu wakiwa bado wananyonya. Wanaangalia katuni hadi usingizi, kisha wanaitupa kitandani kama ganda la ndizi. Sisi tulikuwa nacho kimoja, na bibi alikirudisha kulekule juu ya mafiga, kati ya mahindi, akisema vitu vingine vinahitaji muda. Kila msimu mbegu zinateremshwa, zinakwenda shambani, zinaota. Chenyewe kimebaki huko, cheusi kwa masizi, na Atupele akipuliza moto hatazami juu.