Kitenge Juu ya Tangi la Samaki

Zamani mtungi wa jirani ukiota ukoga mlikaa naye uani mkausugua kwa mchanga, siku hizi ukoga ukionekana swali la kwanza ni nani kauleta.

Shamimu ni fundi cherehani wa mtaani kwetu Chikongola, mzaliwa wa kijiji cha Kitaya. Chumba chake cha kazi aligawana na Felista, msusi kutoka Njombe, mke wa mfanyakazi wa bandarini. Walikula sahani moja.

"Nyie wa Njombe mnaoga siku ya harusi tu," Shamimu alimchokoza.

"Na nyie mnaoga kutwa, mbona hamtakati?"

Mimi nashona viatu mlango wa pili. Nikiwasikia nilidhani ujirani wa kale umesalia, japo katika chumba kimoja.

Kisha likaja tangi la kioo. Mteja aliyehamishwa kikazi alimwachia Shamimu. Shamimu akaenda kwao Kitaya, akachota kwenye kidimbwi kando ya Ruvuma majani ya majini na visamaki, akaliweka tangi mlangoni, juani, kila apitaye alione. Na alivyolelewa, mtu hali mbele ya mwenye macho bila kumgawia. Kila walipokula, donge la ugali wa muhogo lilitumbukizwa majini. Wateja wakafuata, huyu na andazi, yule na kipande cha chapati.

Haukupita muda, ukoga ukaanza. Kwanza utando wa kijani kwenye kioo, kisha nyuzi ndefu zikayakaba majani. Shamimu alisugua kwa dodoki, akamwaga maji yote, akatia mapya. Ukarudi mzito zaidi.

"Umeona? Kama nywele," aliniambia kwa sauti ya chini. "Babu, humu ndani nani anashika nywele?"

"Litoe juani kwanza."

"Na wewe kakupa nini?"

Tangu hapo alikula bakuli lake peke yake. Felista akinyanyuka, Shamimu anageuza shingo. Felista akiosha kichwa cha mteja, mwenzake anachungulia maji ya beseni yanamwagwa wapi. Felista aliyaona hayo yote, akafikiri akiuondoa ule ukoga maneno yatakwisha. Alimpigia simu kaka yake, anayefuga samaki mabwawani huko kwao, akamuuliza.

Shamimu alipokwenda Kitaya kumzika shangazi yake, Felista alizing'oa nyuzi kwa mkono, akabadilisha sehemu ya maji, akalifunika tangi lote kwa kitenge chake cheusi. Wateja akawakataza kulisha.

"Ukoga unaishi kwa jua na makombo, babu. Tukiunyima vyote viwili utakufa. Majani yatavumilia."

"Mwenyewe umemwambia?"

"Yuko msibani, nimsumbue na samaki? Acha akirudi afurahi."

Sikupenda. Zamani ungemtendea jirani wema nyuma ya mgongo wake na angekushukuru. Sasa hata wema unataka shahidi.

Shamimu alirudi akiwa bado na kanga za msiba, akakuta nguo nyeusi juu ya samaki wake. Aliivuta. Maji yalikuwa maangavu, kioo safi, visamaki hai, na jani moja limeanza kuchipua. Nilingoja acheke.

"Ulijuaje dawa," alisema polepole, "kama ugonjwa hukuuleta wewe?"

"Dada, nilimuuliza kaka yangu."

"Kaka yako ananijuaje? Mimi nazika, wewe huku unafunika vyangu kwa nguo nyeusi?"

Felista alinitazama. Nikaeleza habari ya jua na ule ugali.

"Mmepanga vizuri," Shamimu akasema. "Atafute chumba kingine."

Mara ya mwisho kuwaona pamoja ilikuwa asubuhi, bajaji imesimama mlangoni, Felista akipakia kiti cha kusukia na beseni lake. Shamimu alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, kila mzigo ukipita anauchungulia. Begi la mwisho Felista alilifungua mwenyewe, akaliinamisha mbele yake. Vitana tu na makopo ya mafuta.

"Umeridhika, dada?"

Shamimu hakuwa akitazama begi, alikuwa anatazama mikono ya Felista, na aliendelea kuitazama mpaka bajaji ilipokata kona.