Nusu ya Ukuta Asiyoijua Mumbi

Kila Jumamosi asubuhi Mumbi alisimama mbele ya ukuta kule Thamesmead, ughaibuni, akawaeleza watu asiowajua jinsi mdogo wake alivyouawa, na huku akieleza alikuwa akiwaza mambo mengine kabisa. Aliwaza kama ametoa kuku kwenye friza. Aliwaza sare yake ya kazi, kama itakauka kabla ya zamu ya jioni. Mdomo ulijiendea wenyewe. Ukifika kwenye moto, sauti ilishuka kidogo. Ukifika kwenye jina la Eddie, palikuwa na kituo kifupi. Wageni walitoa vitambaa, naye aliwangoja wamalize kupenga kamasi. Usimfikirie vibaya. Jambo lile lile ukilisema miaka nenda miaka rudi, mbele ya watu waliovaa viatu vya kutembelea na wanaouliza choo kiko wapi, hata wewe ungekufa ganzi.

Ukuta wenyewe ni mrefu, uko chini ya ile njia ya zege ya juu, karibu na ziwa. Zamani ulikuwa wa vijana kuandikia matusi. Kisha kikundi kimoja cha Waafrika wa mtaa kikapata fedha, akaletwa mchoraji, ukachorwa mji wa Nakuru, Kenya, wa Januari 2008, mwezi uliofuata uchaguzi, mji ulipopasuka na majirani wakahamana, hawa wakaenda upande huu na wale upande ule. Unaweza kuuliza Nakuru inatafuta nini Thamesmead. Nenda kasimame kituo cha basi alfajiri, uwaangalie walezi wa wazee na wauguzi wanaorudi kutoka zamu ya usiku, uwaulize walitoka wapi na kwa nini.

Waongozaji walikuwa wawili. Mumbi ni Mkikuyu. Mzee Zephaniah, mwalimu mstaafu, ni Mkalenjin. Kila mmoja alifiwa mjini humo humo, mikononi mwa watu wa kabila la mwenzake. Siku ya kwanza walipatana mbele ya Lambert, Mtanzania anayesimamia kituo cha jamii, kwamba kila mtu ataeleza nusu yake ya ukuta tu. Hakuna kumsemea mwenzako, hakuna kumsahihisha. Na hakuna ziara ya nusu: mgeni akiingilia upande mmoja lazima atokee upande wa pili, asije akarudi kwake akidhani ni kabila moja tu lililolia. Katikati ya ukuta pamechorwa nguzo ya taa. Mumbi akifika hapo husema, "Nimefika mwisho wangu." Mzee Zephaniah huinuka kwenye benchi lake, huvua kofia, hujibu, "Nimepokea." Wageni wanapapenda sana hapo, wengine huomba warudie ili wapige picha vizuri.

Baada ya hapo Mumbi huchukua mkoba wake akaenda zake kituo cha basi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuivuka nguzo ya taa. Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kazi: ni mlezi katika nyumba ya wazee Abbey Wood, na zamu hazimngoji mtu. Lakini hata Jumamosi asizo na zamu, bado alikuwa na basi la kuwahi. Ukweli ni kwamba hakutaka kusikia. Aliona akimsikiliza Mzee itambidi amhurumie, na huruma hakuwa nayo. Mzee mwenyewe hakulalamika. Siku zote alifika mapema, muda mrefu kabla ya zamu yake, akaketi kwenye benchi na chupa yake ya chai. Mumbi alidhani ni ratiba mbovu ya mabasi ya wikendi, au upweke wa uzee.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mumbi alikitoa kwenye maelezo yake. Siku nyumba zilipoanza kuchomwa, walikimbia wakaacha uji wa mtoto jikoni, ndani ya sufuria. Mtoto ni Natasha, binti yake, wakati huo hajatimiza hata mwaka, na alilia njaa njia nzima hadi kambi ya wakimbizi kwenye showground, uwanja wa maonyesho. Eddie akasema, "Wacha nikimbie mara moja niulete," naye Mumbi akamkubalia. Eddie hakurudi. Mwaka wa kwanza wa ziara, Mumbi aliisimulia ile sufuria, na mchoraji alikuwa ameichora upande wake, ndogo, imebonyea ubavuni kama ilivyokuwa. Siku moja bwana mmoja mpole, mwenye nia njema kabisa, akauliza, "Yaani alikufa kwa ajili ya sufuria tu?" Wiki hiyo hiyo Mumbi alimwita mchoraji akamwambia aifute sufuria, apake ukuta wa matofali juu yake. Toka siku ile akawa anasema, "Mdogo wangu alirudi nyumbani, hakutoka," na toka siku ile maneno hayakumuuma tena.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, Lambert alimpigia simu akiwa kazini.

"Dada Mumbi, pole na kazi. Mzee Zephaniah amepata stroke. Yuko hai, ila hawezi kusema."

"Hawezi kabisa?"

"Kabisa. Anasikia, anaelewa, maneno ndiyo hayatoki. Sasa Jumamosi tuna group ya kutoka Kingsbury, wameshalipia coach. Ni-cancel? Na kusema kweli, dada, kama hakuna wa kuisema nusu yake, sioni tutaendeleaje. Itabidi tufunge."

Mumbi alitaka kusema funga. Angepata Jumamosi zake. Lakini mdomo, ule ule uliozoea kujiendea, ukasema, "Usi-cancel. Nitaisema mimi nusu yake."

"Unaijua?"

"Nitakosaje kuijua, miaka yote hii?"

Alipokata simu alirudi kumlisha bibi wa chumba cha mwisho kastadi yake, na kijiko kikiwa hewani ndipo alipotambua amesema uongo. Alijua Mzee aliuliwa mke. Jina la huyo mke hakulijua. Hakujua aliuliwaje, wala alikuwa akifanya nini. Mwenye habari ndiye huyo asiyeweza kutamka neno, na isiposemwa Jumamosi, yule mwanamke atabaki rangi tu ukutani. Angeweza kumwuliza Lambert, lakini angeanzaje? Angesema vipi kwamba mtu amefanya naye kazi miaka hiyo yote na hajamsikiliza hata mara moja?

Ijumaa alikwenda hospitali. Uso wa Mzee ulikuwa umeshuka upande mmoja. Mumbi, kwa mazoea ya kazi, alimrekebishia mto, akamwangalia visigino kama vina vidonda, akamfunika vizuri.

"Mzee, kesho nitasimama upande wako," akamwambia. "Lakini sijui niseme nini. Sikuwahi kubaki."

Mzee akainua mkono ule uliokuwa bado mzima, akaushusha. Jicho moja likatoa chozi. Mumbi akalifuta kama anavyowafuta wazee wote wa Abbey Wood, kwa karatasi laini, kutoka ndani kwenda nje. Alijaribu kuona uchungu. Hakuuona. Ndani ya basi alijikasirikia, lakini hata hasira yenyewe ilikuwa kavu.

Jumamosi kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Wageni wa Kingsbury walishuka kwenye coach wakiwa wamejifunga mitandio, wengi wao Wahindi waliozaliwa Kenya. Aliyewaongoza alikuwa Champa, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Nakuru, ambaye mwaka uliopita alikuja na kundi lingine.

"Dada Mumbi, habari ya siku mingi. Mwalimu iko wapi?"

"Mzee Zephaniah ni mgonjwa, Mama. Leo ni mimi peke yangu."

Akaanza. Magodoro vichwani, moshi, watoto wanaovutwa mikono, lori la kuelekea showground. Alisema kwa Kiingereza, kama siku zote, maana Kiingereza humruhusu mtu kusema mambo mazito bila kuyagusa. "Mdogo wangu alirudi nyumbani, hakutoka." Kituo kifupi. Vitambaa. Champa peke yake hakutoa kitambaa. Alikuwa akimtazama kana kwamba anangoja jambo fulani ambalo halikuja.

Wakafika kwenye nguzo ya taa. "Nimefika mwisho wangu," akasema Mumbi, na kwa mazoea akageukia benchi. Benchi lilikuwa tupu. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyevua kofia. Watu walisimama wakimngoja. Mumbi akashika mkoba wake, akavuka.

Upande wa pili rangi zilikuwa zile zile, na moshi ule ule. Hilo lilimshangaza, ingawa sijui alitarajia nini. Kulikuwa na mwanamke mwenye leso ya kijani, amenyoosha mikono juu kwenye kamba ya nguo.

"Huyu ni mke wa Mzee Zephaniah," akasema. Kilichofuata hakuwa amekisema popote, si kanisani, si kwa binti yake. "Waliomuua ni watu wangu. Watu wa kabila langu." Akaitazama ile leso ya kijani. "Samahani. Jina lake silijui."

Bata mmoja akapiga kelele ziwani.

"Rael," akasema Champa taratibu. "Jina yake Rael. Alikuwa anaanua nguo. Watu walimwambia kimbia, yeye akasema ngoja nitoe uniform ya watoto kwa kamba, shule itafunguliwa tu. Mwalimu alikuwa mbele na watoto. Aligeuka akaona kamba bado inacheza, na Rael hayuko."

Mumbi alikumbuka sare yake mwenyewe, ambayo asubuhi ile aliiacha juu ya redieta ikauke. Alisimama akasikiliza. Champa alikumbuka mengi: watoto walivyomwuliza baba yao mama anakuja saa ngapi, jirani mmoja Mkikuyu aliyewaficha chini ya kitanda, sare moja iliyopatikana baadaye na kifungo kimekatika. Kila alichokumbuka, Mumbi alikirudia kwa wageni kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo nusu ya Mzee ilivyosemwa siku ile, kwa kukokotwa na wanawake wawili. Wakafika mwisho wa ukuta. Hapo chini, karibu na nyasi, Mumbi akaona sufuria.

Ilikuwa ndogo. Ilikuwa imebonyea ubavuni.

"Hii inafanya nini hapa?" akauliza.

Champa akamshangaa. "Hujui? Mwalimu anamalizia hapa kila siku. Anasema, hii si yangu, ni ya mwenzangu. Aliifuta kwake kwa sababu inamuuma, mimi nikamwomba mchoraji anichoree huku, isipotee. Halafu anatuambia ile habari ya uji, na kijana Eddie. Anasema mtoto alikua, sasa iko university. Anasema mtu akitaka kuuliza kama ni sufuria tu, aniulize mimi, asimuulize Mumbi."

"Mambo ya university aliyajuaje?"

"Si huwa anakaa pale kwa benchi anakusikiliza ukiongea na wageni? Alituambia hajawahi kukosa. Ati anakuja mapema kwa sababu hiyo."

Walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna kumsemea mwenzako. Mumbi alilikumbuka hilo, akakumbuka pia jinsi alivyokuwa akimpita yule mzee kila wiki bila hata kumtazama vizuri, akiwahi basi. Akachuchumaa. Akaigusa sufuria kwa kidole, na zege lilikuwa baridi. Hakulia. Lakini kitu kilianza kumchoma mahali fulani chini ya mbavu, kidogo kidogo, kama mguu uliokaliwa muda mrefu damu inapoanza kurudi, na hakukipenda hata kidogo. Mgeni mmoja akauliza kama kuna mahali pa kupata chai. Champa akaliongoza kundi zima kwenda kwenye coach.

Basi la Abbey Wood lilikuja, likapita. La pili nalo likapita. Mumbi alikuwa amekaa kwenye benchi la Mzee, akaona kwamba kutoka hapo mtu husikia kila neno linalosemwa upande wake mwenyewe wa nguzo ya taa.

Mchana ule alikuwa wodini. Mzee Zephaniah alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito, uso umeelekea mlangoni. Mumbi alisimama upande wa miguuni pa kitanda, bado amevaa koti lake.

"Nimepokea," akasema.

Midomo ya Mzee ikacheza, haikutoa kitu. Mumbi akavuta kiti. Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akaweka mkoba sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu huyu. Sauti yake haikuwa ile ya Jumamosi. Ilikwaruza, ikakwama, ikabidi aanze upya, na safari hii alianza kwa Kiswahili.

"Rael alikuwa anaanua nguo," akasema. "Nikikosea mahali, Mzee, inua mkono."

Mkono ulibaki juu ya shuka. Akaendelea mpaka mwisho, akaifikia sufuria, na hapo ndipo ilipombidi aombe karatasi laini kutoka kwenye boksi la Mzee.