Pembea ya Riali Tisa

Shangazi yangu Turkiya alikuwa mtu wa kuota akiwa macho. Ukimwambia chai inapoa atakuitikia vizuri, halafu utamkuta bado anautazama ukuta wa uani kana kwamba kuna mgeni anatokea humo. Tulikaa pamoja Ibra, mji wa Omani, mimi mwalimu wa skuli, yeye mjane asiye na mtoto. Watu wa mtaa walimpenda kwa kuwa hakuwa na haraka na mtu. Mimi nilimpenda vilevile, ila haraka ninayo.

Mwaka 2008 nilikuwa na kadi ya benki na kompyuta mpya, basi nikajiona mjuzi. Siku moja tukaona, katika duka la mtandaoni la Maskati, pembea ya chuma ya kukaa watu wawili, na kitambaa cha kivuli juu yake. Bei riali tisa. Nyingine kama hiyo zote zilikuwa tisini. Nikainunua kabla sijafikiri, na wiki ileile gari likaileta mlangoni.

Shangazi akahamia humo. Alasiri jua likilegea, maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakisikika nyuma ya ukuta, alijisukuma kwa ncha ya mguu na kufumba macho. Ibra ulibaki mwili tu. Mwenyewe alikuwa Unguja ya utotoni, Mnazi Mmoja, sikukuu ya Idi, kavaa gauni jipya, na mdogo wake Shukriya kamng'ang'ania mkono kwa kuogopa pembea inavyopanda. Mara nyingine alicheka peke yake. Nami nikikaa karibu yake usingizi ulinichukua bila ya kutaka.

Shukriya alibaki Unguja, na mwaka ule alikuwa mgonjwa. Shangazi alitaka jambo moja tu, amwone mdogo wake kabla hajaondoka duniani. Fedha za tiketi nilizikusanya kwenye kadi ileile.

Kwetu mtu hasafiri mpaka awaombe watu radhi. Shangazi akashika simu akawapigia wote, majirani, muuza samaki, hata fundi aliyegombana naye zamani kwa ajili ya kanzu. Mimi niko kazini, akaipiga na namba ya duka iliyoandikwa kwenye boksi la pembea.

"Nilimwambia, mwanangu, bei ile ilikuwa ndogo mno, naogopa nimekula haki yako," alinieleza baadaye. "Kama unanidai sema, na uniwie radhi, nina safari. Akanambia hapana neno, mama. Kijana mpole, wallahi."

Kijana mpole akenda kutazama hesabu zake. Hakutupigia, hakuuliza. Namba za kadi yangu walikuwa nazo bado, wakachota riali themanini na moja. Nilijua siku niliyokwenda kulipia tiketi, kadi ikakataa mbele ya watu.

Nilikwenda benki nimefura. Karani, Thuwaini, alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Wewe uliwapa ruhusa?"

"Sikuwapa."

"Basi zitarudi, inshallah. Lakini uchunguzi una wiki zake."

Nikawapigia wale wa dukani, wakaniambia mama mwenyewe alikubali. Nikawaambia kumwomba mtu radhi si kumfungulia mkoba. Wakakata simu, na fedha hazikurudi.

Nyumbani nikasema nitakopa kwa kaka. Shangazi akatikisa kichwa.

"Nimeshaagana na watu wote, sina deni la mtu. Leo nipande ndege na deni jipya? Ngoja mshahara wako. Shukriya atanisubiri."

Nilibembeleza, nikagomba, nikalia. Mpole akikataa, hakuna wa kumgeuza.

Basi wakawa wanazungumza kwa simu, yeye pembeani. Hawakuulizana habari za dawa. Walikumbushana rangi za magauni, na ubuyu, na nani alianguka Idi ipi. Halafu walinyamaza, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenziwe, na pembea ikenda taratibu. Nilikuwa nikitamani alasiri zile zisiishe.

Shukriya alifariki Ijumaa, mshahara haujatoka. Walimzika siku hiyohiyo, na shangazi akakaa tanga huku Ibra, mbali na kaburi. Wanawake walikuja, wakamwomba radhi kwa waliyomkosea marehemu, naye akamsamehe kila mmoja kwa niaba yake, hata waliokuwa hawamjui.

Wageni walipomalizika, simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa duka. Benki imewabana, fedha wamezirudisha zote, nao wanatuomba radhi kwa usumbufu. Nikamsomea shangazi, nikamuuliza niwajibu nini. Nilijua atasema nini, maana sijapata kumsikia akimnyima mtu radhi.

Alirudi pembeani, akajisukuma kwa ncha ya mguu.

"Mwambie fedha zimefika," akasema. "Radhi akaiombe kwa Shukriya."