Kiazi cha Uzi Kilichokwenda Molo

Nilichagua kiazi kwa sababu kiazi hakina umbo la kukosea. Karoti inataka ncha na majani, nyanya inataka kikonyo, lakini kiazi hata kikivimba upande mmoja watu wataona ndivyo kilivyochimbwa. Shahada yangu ilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati, nyumbani kwetu Rhonda, Nakuru, nami nilikuwa najifunza kroshia kwa simu. Unaanza na kitanzi kidogo, unaongeza mishono kila mzunguko mpaka upate kitu kama bakuli, unafuma bila kuongeza, halafu unapunguza. Kabla mdomo haujafunga, unajaza pamba. Uzi wa kahawia niliufumua kwenye sweta la mama lililoisha viwiko.

Kiazi kilikuwa cha mtoto wa dada yangu. Dada ameolewa Molo, na mvua zilikuwa zimetuchelewesha kwenda kumwona mtoto hadi akaanza kutia kila kitu mdomoni. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu watoto kukabwa na vitu vidogo, kwa hiyo sikuweka macho ya shanga wala vifungo. Nilikishonea macho na mdomo kwa uzi mwekundu. Nilijisifu kwa uangalifu huo, na ndio ulioleta sindano.

Asubuhi ya safari, mama na wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wameshaingia kwenye gari, mimi bado nashona mdomo.

"Hicho kiazi kitaota kabla hujamaliza!" mama aliita dirishani.

Nilipitisha sindano katikati ya kiazi ili mkia wa uzi ujifiche ndani ya pamba, kama nilivyofundishwa na simu. Nikakata uzi, nikatia vitu kwenye mkebe wa mama, nikakimbia.

Molo kulikuwa na ukungu, na sebuleni jiko lilikuwa limewashwa. Kila mgeni alimpakata mtoto kidogo, akamwombea, akatoa alichokuja nacho: unga, sukari, shali. Zamu yangu ilipofika, mamake shemeji, ambaye wote pale humwita Shosho, yaani bibi, aliinua kiazi juu.

"Watu wa Nakuru! Sisi tunawapa viazi kwa lori, nyinyi mnatuletea kimoja?"

"Na hicho hakiivi, Shosho," dada alisema, wakacheka wote.

Jirani mmoja alinivuta bega la sweta. "Na wewe umejaa nyuzi hivi, umelala kwa fundi?"

Nilicheka pia. Kiazi kilipita mkono hadi mkono, kila mwanamke akikiminya, mpaka kikamfikia mtoto mapajani mwa dada. Akakitia mdomoni.

Mama aliniinamia. "Sindano yangu umerudisha kwa mkebe?"

Nilifungua mkebe ndani ya mkoba, chini ya meza. Ndoano ya kroshia ilikuwepo, makasi, uzi mwekundu. Sindano haikuwepo. Nilijaribu kuukumbuka mkono wangu ukiivuta sindano upande wa pili wa kiazi. Nilikumbuka ikiingia. Sikukumbuka ikitoka.

Ningesema pale pale. Lakini kichwa changu hakijui kusema kabla ya kupima. Niliona ncha ikichoma ufizi. Kisha nikaona neno sindano likianguka katikati ya sebule ile: kitu chenye macho na mdomo, kimeshonwa kwa mkono, sindano imefichwa ndani, kimeletwa na anti asiye na mume wala mtoto. Hadithi za uchawi za namna hiyo nimezisikia zikianza kwa kidogo kuliko hicho. Sisi tungerudi Nakuru, na dada angebaki nayo. Nikaanza kupanga sentensi ambayo haingemtisha mtu. Niliipanga, nikaifuta, nikaipanga tena, na muda wote huo mtoto alikuwa anatafuna.

"Naomba nimshike," nilisema mwishowe.

Nilimkumbatia kwa nguvu kifuani, nikamnyang'anya kiazi. Akalia. Nilimlaza shavu begani, nikaelekea jikoni, akilia zaidi kila nilipombana. Shosho akanifuata.

"Mtoto hapokonywi zawadi. Unampeleka wapi?"

"Shosho, naogopa nimesahau sindano ndani ya hiki kiazi."

Sufuria ya chai ilikuwa inachemka. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto, akarudi nyuma hatua moja.

"Kata," alisema.

Nilikata kwa kisu cha jikoni. Nilitoa pamba kidogo kidogo juu ya sinia, nikiminya kila tonge kwa vidole. Hakuna. Nikafumua uzi wote wa kahawia hadi kwenye kitanzi cha kwanza. Hakuna. Nilidhani ningepumua, lakini hofu ilikua: kama haimo humu, basi iko wapi? Shosho alikuwa anamvua mtoto shali, akimgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya sikio kulikuwa na mkwaruzo mwekundu, mpya.

"Hii ni nini?"

Macho yake yalitoka kwa mtoto, yakaja kwangu, yakatua begani pangu. Alishika uzi mwekundu uliokuwa unaning'inia hapo, akauvuta polepole. Sindano ikafuata.

Mama huichomeka sindano kwenye nguo aliyovaa ili isipotee. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, na asubuhi ile mkono wangu ulifanya vivyo hivyo bila kuniambia. Ilikuwa pale pale nilipomlaza shavu.

"Shosho! Mtoto mmemficha?" mtu aliita kutoka sebuleni.

Alitazama lundo la pamba, akanitazama.

"Anabadilishwa nepi!" aliitikia. Kisha, kwa sauti ya chini: "Vua hiyo sweta kabla umshike tena."

Niliivua. Baridi ilinipenya hadi mifupani. Alinielekezea mtoto, aliyekuwa amenyamaza sasa, naye akaninyooshea mikono. Nilijipapasa kola, mabega, mikono ya blauzi, kifungo kwa kifungo, kisha nikaanza tena kwenye kola, na Shosho akabaki amemshikilia hewani.