Tutakuzika Idara Gani?

Kinyozi alinipigia simu Jumatano, saa saba mchana, nikiwa nimeinamia cherehani yangu. Hakusalimia. "Dada, acha kazi uje. Profesa ameanguka." Nikamuuliza ameanguka vipi. Nyuma yake nikasikia mashine ya fotokopi ikiendelea kutoa karatasi, moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Hatunaye, dada. Pole sana." Nikamwambia aizime ile mashine. Sijui kwa nini; ndilo neno pekee lililonijia.

Profesa alikuwa kaka yangu mkubwa, na hakuwa profesa. Alikuwa na chumba kimoja mkabala na lango la chuo, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Ndani mlikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya. Kwa miaka ishirini aliwachapia wanafunzi kazi zao. Huyu analeta utafiti wa masoko, yule historia ya reli, mwingine sosholojia ya ndoa zinazovunjika. Wachapaji wengi huchapa bila kusoma. Kaka yangu alisoma kila mstari, na alipokuta kosa aliliwekea alama kwa kalamu ya kijani. "Nyekundu humtisha mtu," alikuwa akisema. "Kijani humwambia pita, ila angalia."

Alipofikisha miaka arobaini na saba, mkewe akiwa ametangulia mbele ya haki, alivuka barabara akaenda kujiandikisha. Wakamtaka achague fani moja. Hakuweza. Karani akachoka naye: "Mzee, kwani wewe ni wa wapi hasa?" Akajibu, "Mimi ni wa hapo ng'ambo." Mwisho wakamtafutia shahada ya masomo mchanganyiko, ambayo wengi hawaijui, inayomruhusu mtu kuchota kidogo kidogo kila idara. Akachota uchumi, akachota falsafa, utawala, saikolojia, historia, siasa.

Kila alichojifunza tulikipata mezani. Siku moja alikuja kwangu akatazama magauni kumi niliyoyatundika mlangoni. "Ondoa tisa," akasema. "Mtu hutamani kilichobaki kimoja." Nilimwona hana akili. Nikayaondoa kumridhisha, na lile moja likaondoka kabla ya adhuhuri. Nilipomsifu akasema, "Usinishukuru mimi, mshukuru mwalimu wa uchumi. Lakini usimwambie, atavimba kichwa."

Kinyozi ndiye alikuwa mtani wake. "Profesa, wewe ukifa tutakuzika idara gani?"

"Mnizike mlangoni, niwe nazichungulia zote."

Kilichomshinda ni takwimu. Lilikuwa somo la lazima, na alianguka mara mbili. Mara ya pili alikuja kwangu na uso umemshuka. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini siku hiyo nilijifanya mwalimu wake. Nilimwambia, "Kaka, mshika mawili moja humponyoka, na wewe umeshika manane. Achana na mambo haya, umekuwa mtu mzima."

Akacheka. "Ndiyo maana Mungu kanipa vidole kumi, mdogo wangu." Lakini chai yake hakuimaliza, na tangu siku hiyo hakunitajia masomo tena. Nilitubu mbele za Mungu mara nyingi kwa neno lile. Mbele yake yeye sikutubu hata mara moja. Nilisema nitamwambia, nitamwambia, na miaka miwili ikapita.

Jumatatu ya wiki aliyokufa alinipigia. "Jumapili baada ya ibada njooni kwangu nyote. Nina neno." Kitinda mimba wetu alipopata habari akasema, "Kaka anaoa huyo." Tukacheka, tukaanza kukisia ni nani kanisani.

Alhamisi tukakaa kuandika wasifu wa marehemu. Mchungaji aliutaka Ijumaa, mazishi yakiwa Jumamosi. Kitinda mimba alikuwa na kalamu, mimi namtajia. Kuzaliwa tukaandika, ndoa tukaandika, kazi tukaandika. Tulipofika kwenye elimu, tukakwama. Kinyozi alikuwa ametuambia kwamba mwezi uliopita kaka alilirudia lile somo kwa mara ya tatu. Matokeo hatukuyajua.

"Naandika alihitimu," akasema kitinda mimba.

"Hatujui kama alihitimu."

"Dada, nani atakwenda kukagua?"

"Maneno hayo yatasomwa kanisani, mbele ya jeneza lake. Mtu aliyesahihisha makosa ya watu maisha yake yote, leo tumzike na kosa?"

"Basi tuandike alisoma."

Na hilo nalo lilinichoma. Alisoma, kama mtoto aliyeacha shule njiani. Nikaona kwamba nikiliandika, lile neno langu la mtu mzima ndilo litakuwa limeshinda. Nikachukua kitambulisho chake cha mtihani, kilichokutwa kwenye mfuko wa shati, nikaenda chuoni.

Matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao mrefu, kwa namba bila majina. Nikaanza na idara ya biashara, nikishuka kwa kidole mstari kwa mstari. Hayumo. Nikaenda uchumi, hayumo. Historia, sosholojia, utawala, saikolojia, kote nilipita, kisha nikarudia tangu mwanzo nikidhani macho ndiyo yamenidanganya. Namba yake haikuwa kwa waliofaulu wala kwa walioshindwa. Nikasema moyoni, Ee Mungu, hata kuanguka hakuandikiwa.

Binti mmoja aliyekuwa akitafuta namba yake akanitazama. "Mama, unamtafutia nani?"

"Kaka yangu. Yule wa fotokopi."

Akaweka mkono mdomoni. "Profesa? Alinichapia kazi yangu mwezi jana. Poleni sana. Lakini hapa humpati, mama. Wa mchanganyiko hawana idara. Karatasi yao hubandikwa kule mlangoni."

Akanishika mkono tukaenda. Nyuma ya mlango wa kuingilia palikuwa na karatasi moja yenye muhuri wa Jumatatu na namba tatu tu. Ya pili ilikuwa yake. Takwimu, amefaulu. Chini yake, shahada, amehitimu. Na pembeni ya namba, ndogo, imenyooka, palikuwa na alama ya vema kwa kalamu ya kijani.

Kumbe alikwisha kuja. Aliona kwa macho yake, akajisahihisha mwenyewe, akarudi ng'ambo kufungua duka. Lile ndilo neno la Jumapili.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia, lakini si kilio kile cha Jumatano. Nilimshukuru Mungu kwamba alimpa siku mbili za kulijua jambo lile, na kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa aliotaka kuwaambia. Mtu mwenye kinyongo hakuiti mezani kwake. Nikampigia kitinda mimba. "Andika alihitimu," nikamwambia. "Andika kwa herufi kubwa."

Ijumaa kinyozi alitoa nakala za wasifu kwa mashine ileile. Zilitoka zimepinda upande, na kaka mwenyewe angezitupa zote, lakini hatukuwa na muda.

Tulimzika Jumamosi saa tisa. Hakukuwa na mvua. Wanafunzi walikuja wengi kuliko ndugu, wakasimama nyuma, wengine na mabegi yao mgongoni. Mchungaji alisoma wasifu, na alipofika kwenye elimu aliyataja masomo yote, moja moja, ikachukua muda, na watu wakaanza kutabasamu. Kisha akasoma, "Alihitimu." Kinyozi akasema amina kwa sauti. Tukaimba, jeneza likashushwa. Nilitupa udongo wangu, nikamwambia kimyakimya, kaka, nisamehe. Wanaume wakafukia. Tuliweka maua, mchungaji akafunga kwa sala, tukarudi nyumbani.