Viti vya Boksibodi

Ndugu yangu mkubwa aliponunua boksibodi yake, ile pikapu iliyojengwa nyumba ya mbao nyuma, emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ilikuwa inaisha na watu wa kwetu Mugutha wameanza kupeleka mboga soko ya Ruiru bila kusumbuliwa sana. Kulikuwa na gari ingine kubwa inauzwa, lakini yeye akachukua hii kwa sababu tuliambiwa injini ndogo bima yake ni rahisi. Hapo tulikuwa wajanja.

Ujinga ulikuja baadaye. Shamba yake ililimwa na akina mama wa ngwatio, wale wanalimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Yeye hakuwa na nafasi ya kurudisha jembe, kwa hivyo aliwaahidi: "Gari ikifika, mtapanda bure mpaka soko." Akamwambia fundi apigilie viti mbili ndefu ndani. Ndiyo tukaenda Thika kutafuta bima, viti vikinuka rangi.

Ejenti, Muhindi mmoja mzee, akafungua mlango ya nyuma, akacheka.

"Hii si gari ya mizigo, bwana. Hii basi."

"Basi gani?" nikaruka. Mimi nilijifunza kusoma na magazeti ya kufungia nyama, basi nilijiona wakili. "Wewe unataka kula ndugu yangu!"

"Kijana, sikia. Kabichi ikivunjika, mimi nalipa kabichi. Mama ikivunjika mguu, nalipa mpaka nazeeka. Kwa hivyo ya watu iko bei ingine."

Alipotaja hiyo bei, ndugu yangu akafunga ule mlango. Haingewezekana. Na bila bima, gari ilikuwa ya kulala nyumbani tu.

"Tutoe viti, tupate bima ya mizigo, turudishe usiku," nikamnong'onezea.

"Nyamaza. Siku mama mmoja ataumia, utamlipa na mdomo?"

Tulirudi polepole. Mimi nilikuwa nimekasirikia dunia yote. Yeye alikuwa anawaza vile ataangalia wale mama machoni, kwa sababu walishalima na ahadi ilikuwa hiyo tu.

Aliwaita jioni, akasema yote wima, bila kuficha. Mimi nilisimama kando yake, mikono kiunoni, nikingoja mtu amtukane nimjibu.

Tata, dada ya mama yetu, ndiye alikuwa mkubwa wao. Akaangalia ndani ya gari, kamba yake ya kubebea mizigo kwa kichwa ikiwa mkononi.

"Kabichi inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa, tata."

"Na kamba hii imenikata kichwa miaka yote, ilikuwa inabeba mimi ama kabichi?" Wengine wakaanza kucheka. "Ng'oa viti. Mzigo yetu ipakiwe kabla ya yako, na usilipishe mtu. Sisi tutatembea mikono mitupu kama mabibi wa wazungu."

Ndugu yangu akaenda kutafuta nyundo.